Pistole ya Browning iliyotumika: kifyatulio, plaketi za mkono, na sekirite inayotoshwa

Browning GP ni bastola ya Ubelgiji ambayo ilianza kutengenezwa mwaka wa 1935 ku Herstal, karibu na mji wa Liège, katika kiwanda cha FN. GP ni ufupi wa «Grande Puissance», ni kusema nguvu kubwa. Majeshi ya inchi zaidi ya 50 yaliitumia, na kiwanda kiliacha kuitengeneza tu kwenyi miaka ya 2017 na 2018. Kwa hiyo karibu kila GP ambayo mtu anaweza kuona leo ni silaha iliyokwisha kutumika. Ilipita ku mkono wa kwanza, wa pili, pengine wa kumi, na wale waliopita nayo hawakuiacha ginsi ilivyotoka kiwandani.

Sehemu mbili njo zinaguswa mara nyingi zaidi. Ya kwanza ni kifyatulio, kale kachuma ambako kidole kinavuta ili risasi itoke; waliozoea Kifaransa wanasema detante. Ya pili ni plaketi, zile mbao mbili zinazofunika mpini, moja upande wa kuume na moja upande wa kushoto.

Makala hii haitamfundisha mtu kufungua silaha. Inaeleza kwa nini watu wanabadilisha vitu hivi viwili, ni nini kinabaki salama na nini kinaharibika, na kwa nini badiliko moja kati ya hayo linahusu hata mama na mtoto ambao hawatashika pistole maisha yao yote.

Ilikotoka

Mwenye jina ni John Moses Browning, Mmarekani wa mji wa Ogden, jimbo la Utah, aliyezaliwa mwaka wa 1855. Baada ya vita ya 1914-1918 jeshi la Ufaransa lilitafuta bastola mpya. Lilitaka iwe na risasi nyingi, iwe na nyundo inayoonekana inje, na tena iwe na sekirite ambayo inazuia silaha kupiga wakati sharjeri, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, imetoshwa. Tukumbuke ile sekirite ya sharjeri, tutairudilia mara nyingi.

Browning alianza kazi lakini hakuimaliza. Alikufa tarehe 26 Novemba 1926 ku Liège, akiwa kazini. Aliyemaliza ni fundi Mbelgiji, Dieudonné Saive. Huyu ni yule aliyetengeneza baadaye bunduki ya FAL, ambayo wazee wetu waliiona ku mikono ya askari wa ANC na wa FAZ. Saive alipanga risasi katika mistari miwili ndani ya sharjeri, na hivyo GP ikabeba risasi 13 za mamilimetri 9 wakati bastola nyingi za miaka ile zilibeba 7 ao 8. Mwishowe Wafaransa walichagua bastola ingine. Wabelgiji njo walichukua GP.

Mwaka wa 1940 Wajerumani waliingia Herstal na wakaendelea kuitengeneza kwa ajili ya jeshi lao. Wakati uleule mafundi wa FN waliokimbilia Uingereza walisaidia kuchora upya mipango yake, na kiwanda cha John Inglis ku Toronto, inchi ya Kanada, kikaitengeneza kwa ajili ya Uchina, Kanada na Uingereza. (Kiwanda hicho kilijulikana baada ya vita kwa mashini za kufulia nguo.) Njo maana kuna GP zenye alama ya Herstal na zingine zenye alama ya Toronto, na vita moja ilizikutanisha pande zote mbili. Uingereza iliitumia hadi mwaka wa 2013. Huku kwetu ilifika kwa njia ambazo silaha nyingi za FN zilipitia: uhusiano wa Ubelgiji na koloni yake, kisha manunuzi ya serikali zilizofuata, na kisha zile njia ambazo hazina karatasi.

Kifyatulio kinafanya nini ndani

Katika GP, kidole hakiongei na nyundo moja kwa moja. Kidole kinavuta kifyatulio; kifyatulio kinasukuma juu kachuma kasimamo; kale kachuma kanasukuma fimbo fupi iliyo ndani ya kulasi, kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele; ile fimbo inashusha jino linaloshika nyundo; jino likishuka nyundo inaachiwa, inapiga sindano, na sindano inapiga kitako cha risasi. Ni mlolongo mrefu. Kila mahali chuma kinagusa chuma, kidole kinasikia.

Juu ya hayo yote iko sekirite ya sharjeri. Ndani ya kifyatulio mna kapini kadogo kenye resori, ambako kanaegemea uso wa mbele wa sharjeri. Sharjeri ikiwa ndani, inasukuma kale kapini, na mlolongo wote unashikana. Sharjeri ikitoka, kapini kanasonga, kale kachuma kasimamo kanahama mahali pake, na hata ukivuta namna gani nyundo haianguki. Shida ni kwamba kila mara mtu anapovuta kifyatulio, kapini kanakwaruza juu ya sharjeri. Mtu anasikia uzito, anasikia na mchanga-mchanga, kama mlango wa zamani ambao haujapata mafuta. GP nyingi zinaomba nguvu ya zaidi ya kilo 3 mbele ya nyundo kuanguka.

Kilo 3 ni nyingi ao ni kidogo? Inategemea nani anauliza. Katika michezo ya kimataifa ya kulenga shabaha, kwenyi bastola kubwa ya mita 25, sheria inaomba kifyatulio kibebe angalau gramu 1000. Mchezaji yule yuko ku uwanja, kila mtu mbele yake ameondoka, na hakuna anayemsukuma bega. Polisi ya New York, kwa upande wake, iliomba kwa miaka mingi bastola za Glock zenye kifyatulio cha karibu kilo 5,4, na ilijua vizuri kwamba shabaha itaharibika kidogo. Ilipendelea risasi ambayo haitoki kwa bahati mbaya wakati askari ana woga na kidole kinatetemeka. Kwa hiyo mtu akisema kifyatulio kizito ni kasoro ya silaha, anasema nusu ya neno. Ku silaha ya kazi, uzito huo ni sehemu ya sekirite.

Plaketi: kazi ndogo yenye faida kubwa

Tuanze na ile isiyo na hatari. Plaketi za GP zinashikwa na visi moja kila upande. Zile za kwanza zilikuwa za mbao ya jozi, zenye kuchongwa vijumba-vijumba ili mkono usiteleze. GP za miaka ya 1980 na kuendelea zilikuja mara nyingi na plaketi za plastiki. Ku Marekani, mahali silaha hizi zinauzwa kwa raia kwa ruhusa ya sheria, kuna biashara nzima ya plaketi: za raba, za mbao nyembamba, za pembe ya nyati, za aluminyo.

Mtu anaweza kufikiri ni urembo tu. Mara nyingi ni urembo kweli. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wazuri wanalijua. Sababu ya mistari miwili ya risasi, mpini wa GP ni mnene kuliko wa bastola nyingi za zamani zake. Mwenye mkono mdogo anaishika, na kidole chake kinafika ku kifyatulio kwa ncha tu, tena kwa pembeni. Akivuta, anasukuma silaha upande. Risasi inakwenda mahali pengine, na yeye analaumu kifyatulio: «kizito sana, kigumu sana». Mpe plaketi nyembamba za kufaa mkono wake, na kifyatulio kilekile cha kilo 3 kinakuwa cha kawaida. Njo maana fundi mwenye akili anaanza na mpini. Anaweza kuwa hana haja tena ya kugusa ndani.

Plaketi zina siri ingine. Jasho la mkono linapita chini yake na halitoki. Ku pistole iliyobebwa miaka ku joto na mvua, ukitosha visi unaweza kukuta kutu imekula mpini wakati inje yote inang'aa sababu mtu aliipaka mafuta siku ya kuiuza. Kwa yule anayepima silaha kwa kazi ya sheria, ku gala ya polisi kwa mfano, chini ya plaketi ni mahali pa kwanza pa kuangalia. Anaweza kukuta pia plaketi yenyewe imepasuka na kufungwa na raba ya shambrere. Ile raba haina ubaya. Inaonyesha tu kwamba silaha ilikaa mbali na fundi na mbali na vipuli, na kama mpini ulitengenezwa hivyo, inafaa kujiuliza vipi kuhusu vitu vya ndani.

Na kuna plaketi za pembe ya ndovu. Wakubwa wa vita wamezipenda tangu zamani. Generali Patton wa Marekani alijulikana kwa revolva yake yenye mpini wa pembe. Leo hali ni ingine. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilifungwa kwa uamuzi wa mwaka wa 1989, ulioanza kutumika Januari 1990, na kwetu ndovu wa Garamba, wa Virunga na wa hifadhi ya Okapi wameuawa kwa bunduki kwa ajili ya pembe hizo. Pistole yenye plaketi za pembe mpya inaweza kumletea mwenye kuibeba kesi mbili, ya silaha na ya mnyama.

Kifyatulio: mahali kazi inaharibika

Ku Marekani na ku Ulaya, mtu akinunua GP ya zamani, jambo la kwanza anasikia kwa wenzake ni hili: «Tosha ile sekirite ya sharjeri.» Kapini kakitoka, kukwaruza kunaisha, kifyatulio kinakuwa chepesi na laini, na tena sharjeri inaanguka yenyewe vizuri wakati wa kuibadilisha. Faida hizo ni za kweli. Hata kampuni moja ya Marekani, Springfield Armory, ilipotoa mwaka wa 2021 bastola yake ya SA-35 iliyoiga GP, haikuweka sekirite hiyo tangu kiwandani. Kwa hiyo si jambo la wajinga. Wenye ujuzi wanabishana juu yake hadi leo.

Lakini angalia wanabishana wapi. Mwenye SA-35 alinunua silaha ambayo kitabu chake kinamwambia wazi kwamba sekirite hiyo haimo. Mwenye GP iliyoguswa na fundi hana kitabu. Silaha inafanana na zingine zote kwa macho. Hakuna alama inje, hakuna rangi, hakuna maandishi yanayosema «hii ilitoshwa». Akiiuza, ikiibiwa, ikikamatwa na kupewa mwingine, yule mwingine anabeba silaha ambayo anaiamini kwa kitu ambacho haina tena.

Hatua inayofuata ni mbaya zaidi. Kuna watu wanaotaka kifyatulio chepesi na wanachukua tupa ao papie vere, wanasugua jino linaloshika nyundo. Vyuma vya namna hii vinapikwa moto ili viwe vigumu, na mara nyingi ugumu uko juu tu, kama ngozi. Ukisugua ngozi ile, chuma laini kinabaki wazi, na kinakwisha kidogo kidogo kila mara nyundo inapoachiwa. Siku ya kwanza mwenye silaha anafurahi: chepesi kama manyoya. Baada ya muda jino halishiki tena sawasawa. Kulasi ikijifunga kwa nguvu, nyundo inaweza kuanguka bila kidole. Ao silaha inapiga mara mbili kwa mvuto mmoja. Ao inakaa na nyundo juu, inagongwa ku mlango wa gari, na inapiga. Hakuna namna ya kuona hiyo kwa macho. Fundi wa kweli hasugui jino kwa kukisia. Ana vyombo vya kupimia, na jino likiwa baya analitupa na kuweka jipya.

Wengine wanakata resori ya nyundo ili isiwe na nguvu sana. Hapo shida inageuka upande: nyundo inapiga kwa udhaifu, na risasi za kijeshi, ambazo kitako chake mara nyingi ni kigumu, hazitoki. Mwenye silaha anabaki na chuma kinacholia «tak» tu. Na hapo tena kuna hatari, sababu risasi ambayo haikutoka bado iko ndani.

GP za zamani zina udhaifu mwingine ambao kazi ya kifyatulio haiponyeshi. Hazina kifungio kinachoshika sindano mpaka kidole kivute. Kifungio hicho kilikuja na namna ya mwisho, inayoitwa Mark III, kuelekea mwisho wa miaka ya 1980. Ku GP ya zamani yenye risasi tayari, kuanguka kwa mtutu juu ya sima kunaweza kusukuma sindano mbele kwa uzito wake yenyewe. Mtu anayelainisha kifyatulio cha silaha kama hiyo anapunguza ulinzi ambao tayari ulikuwa mdogo.

«Nimetosha sharjeri, haiko na kitu»

Ndugu msikilizaji, hapa njo mahali ambapo jambo hili linaacha kuwa la mafundi.

Kwa watu wengi, sharjeri ikiwa ku meza na pistole ikiwa mkononi, mambo yamekwisha: silaha haina risasi. Si kweli. Sharjeri ni gala tu. Risasi ambayo itatoka imekwisha kutoka ku gala na kuingia ndani ya chumba, nyuma ya mtutu. Kutosha sharjeri hakugusi risasi ile. Inabaki pale, na ukitazama kwa inje hauioni.

Ku GP ambayo haijaguswa, sekirite ya sharjeri inaokoa mtu huyu kwa bahati. Anatosha sharjeri, anamlenga rafiki kwa mchezo, anavuta, hakuna kitu. Anafanya hivyo mara kumi, miaka miwili. Anajifunza somo la uongo: pistole bila sharjeri haipigi. Kisha siku moja anashika GP ambayo sekirite yake ilitoshwa, ao bastola ya aina ingine ambayo haikuwa nayo tangu mwanzo. Makarov ya Urusi, Tokarev ya kawaida, Glock: hakuna hata moja kati ya hizo inayozuiwa kupiga kwa kutosha sharjeri peke yake. Anatosha, analenga, anavuta.

Kuna kosa la pili, la mpangilio, ambalo linawakuta hata askari. Ili kuondoa risasi, kwanza unatosha sharjeri, kisha unavuta kulasi nyuma, risasi ya chumba inaruka inje. Ukigeuza, ukavuta kulasi kwanza na kutosha sharjeri nyuma yake, risasi moja inaruka inje, unaiona kwa macho yako, unaokota, unaridhika. Lakini kulasi ilipofunga ilichukua risasi ingine ku sharjeri na kuisukuma ndani ya chumba. Ni hatua zilezile mbili, na silaha imejaa. Risasi iliyo ku meza njo inayomdanganya. Ndiyo maana wakufunzi wanaomba mtu avute kulasi, aishike nyuma, na aingize macho, kisha kidole, ndani ya chumba. Usiku, kidole peke yake.

Na GP yenyewe ilileta mtego wake. Kwa sababu ya sekirite ya sharjeri, mtu aliyeondoa risasi vizuri hawezi kushusha nyundo kwa kuvuta kifyatulio: sharjeri haimo, nyundo haianguki. Anapaswa kurudisha sharjeri ndani ndipo avute. Akirudisha iliyo tupu, sawa. Akichoka, ao giza likiwa, akirudisha ile yenye risasi na kulasi ikavutwa nyuma kisha ikarudi mbele, amejaza upya silaha aliyoiondolea risasi dakika moja iliyopita, na kidole kiko tayari kuvuta. Wale wanaotetea kutosha sekirite hiyo wanatoa mfano huu, na wana haki. Sekirite inayomlazimisha mtu kurudisha sharjeri ili kumaliza kazi si kamili. Mimi naona tu kwamba ku inchi ambamo silaha inapita mkono kwa mkono bila karatasi, kuitosha kimya-kimya kunaongeza mitego kuliko kunavyoipunguza.

Nyumbani mambo ni ya kawaida kabisa. Papa ni polisi, ao mlinzi wa mkubwa fulani. Anarudi usiku, anaweka pistole juu ya kabati, sharjeri katika mfuko wa suruali. Anamwambia mke wake asiogope, haiko na kitu. Mama hawezi kujua kama chumba kiko tupu. Hawezi kujua pia kama kifyatulio ni cha kilo 3 ao kama mtu wa mbele alikilainisha hadi kilo moja. Kidole cha mtoto wa miaka minne kinashindwa na kilo 3 mara nyingi, ijapokuwa akitumia vidole vya mikono miwili anaweza. Kilo moja haimshindi. Mama ana haki ya kuomba aonyeshwe chumba kikiwa tupu, mtutu ukielekea mahali pasipo mtu, na kuomba kwamba silaha ilale ndani ya sanduku lenye kufuli.

Namba, alama na sheria

Kongo iko na sheria ya silaha tangu zamani: ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia hawezi kubeba ao kuweka bastola nyumbani bila kibali ya serikali, na silaha za vita haziko za raia. Kanuni ya azabu ya kijeshi ya tarehe 18 Novemba 2002 inaazibu kuwa na silaha za vita kinyume cha sheria, na raia anaweza kupelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi kwa jambo hilo. Kusema «ilikuwa ya marehemu baba» hakumfungui mtu.

Silaha inatambuliwa kwa namba. Ku GP nyingi za zamani namba imechapwa upande wa kuume wa mwili wa silaha, na ingine ku kulasi, na ingine ku mtutu. Zikiwa sawa zote tatu, vipande vilizaliwa pamoja. Zikitofautiana, mtu alikusanya vipande vya silaha mbalimbali, na hapo hakuna anayeweza kuahidi kwamba jino na nyundo vinashikana ginsi inavyofaa. Zile za Herstal zina pia alama za nyumba ya majaribio ya Liège: kati yake mnara mdogo unaoitwa Perron, na simba aliyesimama juu ya herufi PV, maana yake mtutu ulijaribiwa na baruti kali. Namba iliyosuguliwa na tupa inaeleza habari yake yenyewe.

Protokole ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa mwaka wa 2010, ambao ulianza kutumika tarehe 8 Machi 2017, inaomba inchi ziweke alama ku kila silaha na kuandika ku daftari nani anaibeba. Kwetu komisio ya taifa inayohusika na silaha ndogo-ndogo, CNC-ALPC, njo ina kazi hiyo. Alama inapigwa ku mwili wa silaha, haipigwi ku plaketi, sababu plaketi inatoka kwa visi moja. Ile daftari inaandika aina, namba na mwenye kubeba. Mtu akilainisha kifyatulio nyuma ya mgongo wa mkubwa wake, daftari haitajua, na mwenzake atakayepewa silaha hiyo asubuhi hatajua vilevile.

Aliyepewa silaha kwa kazi na akaona kifyatulio chepesi kupita kawaida, ao nyundo inayoanguka yenyewe, anapaswa kuirudisha ku gala na kusema sababu, bila kuifungua. Anayeiokota shambani, ku bonde ao ndani ya nyumba iliyoachwa asiiguse hata kwa kuangalia kama iko na sharjeri. Aweke kitu cha kuonekana kwa mbali, tawi ao kitambaa, azuie watoto kufika, na ajulishe mkubwa wa mtaa ao timu ya kutegua mabomu iliyo karibu. Awaeleze mahali iko, umbali na barabara, na kama mtutu unaelekea ku njia ambamo watu wanapita.